Warudisheni wenye mto mezani: barua ya wazi kuhusu samoni wa Columbia na Snake

Kwa magavana wa Oregon, Washington na Idaho; kwa maseneta na wabunge wa majimbo haya matatu; kwa wakuu wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani wanaoendesha mabwawa, na wa Bonneville Power Administration, shirika la serikali linalouza umeme wake; na kwa Ikulu ya Marekani.

Waheshimiwa,

Tarehe 12 Juni 2025 Rais alitia saini waraka ulioiondoa serikali kuu katika makubaliano ya Desemba 2023 kuhusu Mto Columbia, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Upande wa pili wa makubaliano hayo zilikuwamo serikali sita: mataifa ya wenyeji wa asili ya Amerika wa Nez Perce, Yakama, Umatilla na Warm Springs, na majimbo ya Oregon na Washington, pamoja na mashirika ya mazingira yaliyoshtaki. Serikali iliahidi zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya samaki wa asili na miradi ya umeme ya wenyeji. Kesi iliyokokotwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 20 ikasimamishwa. Ukaagizwa pia uchunguzi wa jinsi ya kupata kwingine umeme, usafiri na maji ya kilimo yanayotokana na mabwawa manne ya sehemu ya chini ya Mto Snake, tawi la Columbia. Makubaliano yale hayakubomoa bwawa hata moja. Yalitaka hesabu ipigwe kwa uaminifu, na wenyeji wawe mezani inapopigwa.

Naandika kuwaomba mrudi kwenye meza ile.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, na sasa ni mkazi wa Vancouver, jimbo la Washington, ng'ambo ya mto kutoka Portland. Umeme wa nyumba zetu hapa, kwa sehemu kubwa, hutoka Bonneville. Eneo hili lina familia nyingi za Waswahili kutoka Uvira, Bukavu, Bujumbura na kwetu Kigoma, watu waliokulia kwenye dagaa na migebuka, na kila mwezi tunalipia mto huu kwenye bili. Nakala ya Kiingereza ya barua hii inakuja ofisini kwenu. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili yao, ili wajue wanalipia nini na ni nani anayeumia, nao waweke majina yao chini ya ombi hili wakiliafiki. Kwa sababu hiyo mtanivumilia nikieleza mambo ambayo ninyi mnayajua.

Samoni huzaliwa kwenye kokoto za vijito vya milimani, vyenye maji baridi na safi. Akiwa bado mdogo kama kidole, mwili wake hubadilika ili uweze kustahimili chumvi, kisha huteremka na mkondo hadi Bahari ya Pasifiki. Huko hukaa mwaka mmoja, miwili, hata minne, akinenepa. Halafu hurudi kwenye mto aliozaliwa, akiongozwa na harufu ya maji yake. Tangu anapoingia mtoni hali tena. Hupanda kwa nguvu za mafuta aliyobeba mwilini, akifika hutaga, kisha hufa. Mzoga wake huwalisha dubu, tai, wadudu wa mtoni na miti ya kando ya maji, na rutuba ya baharini hufika hivyo juu milimani. Wale wanaokwenda Redfish Lake, Idaho, husafiri takriban kilomita 1,450 na kupanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Njiani wanapita mabwawa manane, manne katika Columbia na manne katika Snake. Mwaka 1992 ni samaki mmoja tu wa jamii ya sockeye aliyefika ziwani humo. Mmoja, katika ziwa lililopewa jina kwa wekundu wa samaki waliokuwa wakilijaza.

Kabla ya mabwawa, bonde la Columbia lilikadiriwa kupokea samoni kati ya milioni 10 na milioni 16 kwa mwaka. Siku hizi mwaka mzuri huleta milioni mbili au zaidi kidogo, na wengi wao wametotoleshwa vituoni. Wale wa asili wamebaki wachache mno. Mwaka 2021 wataalamu wa samaki wa Nez Perce walichapisha hesabu yao: asilimia 42 ya jamii za samoni aina ya Chinook wanaopanda Snake majira ya kuchipua na ya kiangazi zilikuwa zimefika kwenye kizingiti cha kutoweka, yaani samaki 50 au pungufu wanaofika kutaga, miaka minne mfululizo. Waliozihesabu ndio wenye mto, kijito kwa kijito, kwa miguu.

Sasa nije kwenye deni. Mwaka 1855 wajumbe wa serikali ya Marekani waliketi na mataifa haya, Walla Walla na kwingineko, wakachukua kwa mkataba zaidi ya ekari milioni 40 za ardhi. Wenyeji waliachia nchi, lakini hawakuachia samaki. Waliandika ndani ya mikataba kwamba haki ya kuvua katika sehemu zao zote za siku zote inabaki mikononi mwao. Seneti ikaridhia mwaka 1859. Mwaka 1905, katika shauri la wavuvi wa Yakama waliofungiwa njia ya kwenda mtoni na mwenye ardhi, Mahakama ya Juu ilisema uvuvi ule ulikuwa wa lazima kwa maisha yao karibu sawa na hewa waliyoivuta. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba wenyeji wa jimbo la Washington wana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikaunga mkono. Mwaka 2018 amri ya kulitaka jimbo hilo lirekebishe makalavati ya barabarani yanayowazuia samaki ilibaki palepale baada ya majaji wa Mahakama ya Juu kugawanyika nne kwa nne.

Kwa hiyo wenyeji hawaji kwenu kama waombaji, na tena si wadau wa kuitwa dakika ya mwisho kutoa maoni, pamoja na chama cha wenye boti na chama cha wakulima. Wao ni upande wa pili wa mkataba. Sisi Waswahili tunasema ahadi ni deni, na deni hili lina tarehe, saini na muhuri.

Limelipwaje? Bwawa la Bonneville lilipofunguliwa mwaka 1938 lilizamisha takriban vituo 40 vya uvuvi vya wenyeji. Mwaka 1939 waliahidiwa ekari 400 za fidia kando ya mto. Miongo kadhaa baadaye walikuwa wamepewa kama 40. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na ndani ya saa chache maporomoko ya Celilo yakawa yamezama. Pale watu walivua na kufanya biashara kwa zaidi ya miaka 10,000. Wazee walisimama ukingoni wakiona maji yakipanda juu ya majukwaa ya mbao ya baba zao. Walikuwa wamelipinga bwawa hilo, nalo likajengwa.

Nimekwenda Celilo. Pametulia kama ziwa, malori yanapita barabarani na matishari ya ngano yanapita majini. Kijiji bado kipo, na kila mwaka majira ya kuchipua bado wanafanya karamu ya samoni wa kwanza. Sijui ningekuwa na imani kiasi gani kama Ziwa Tanganyika lingefanyiwa hivyo mbele ya macho ya bibi yangu.

Lakini sikuandika ili niwahesabie majeraha tu. Nimeandika kwa sababu wenyeji hawakukaa wakilia. Katika miaka ya 1960 na 1970, samaki walipopungua, mataifa haya yalisimamisha yenyewe uvuvi wao wa biashara wa Chinook wa kiangazi na wa majira ya kuchipua, ilhali hawakuwa wao waliojenga mabwawa. Watu wa Kigoma wanaujua uzito wa jambo hilo. Mwaka 2024 Tanzania ilipofunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kila nyumba ya mvuvi ilionja. Mtu anayekubali kukunja wavu wake ili samaki wazaane amekwisha kuonyesha kwamba anafaa kukabidhiwa mto.

Tazameni Mto Umatilla, mashariki mwa Oregon. Samoni walikuwa wametoweka humo kwa takriban miaka 70, kwa sababu mifereji ya wakulima ilikuwa ikiukausha mto wakati wa kiangazi. Wenyeji walikuwa na mkataba mkononi na wangeweza kwenda mahakamani kudai maji, pengine wakashinda. Wakachagua kuketi na wakulima. Wakatafuta njia ya kuwapa wakulima maji yanayopampiwa kutoka Columbia, mto mkubwa, na badala yake maji ya Umatilla yabaki mtoni. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya mradi huo mwaka 1988. Samoni wakarudi, na wakulima wakaendelea kulima. Nasisitiza hili kwa sababu kila mara mabwawa yanapotajwa huambiwa kwamba wenyeji wanataka kuwafukuza wakulima wa ngano. Waliopata suluhisho la kuwabakiza wakulima na samaki kwenye bonde moja ni wenyeji hao hao.

Au tazameni kazi ya Nez Perce. Samoni aina ya coho walitangazwa kuwa wametoweka Snake mwaka 1986. Katika miaka ya 1990 kabila hilo lilianza kuwarudisha Mto Clearwater kwa mayai ya ziada kutoka vituo vya chini ya Columbia. Leo coho wanapanda Clearwater, na tangu 2017 kabila hilo limeanza kuwarudisha na Mto Lostine pia. Chinook wa majira ya kupukutika hali yao ilikuwa mbaya kuliko hapo: mwaka 1990 walihesabiwa 78 tu wa asili waliopita bwawa la Lower Granite, mojawapo ya yale manne ya Snake. Nez Perce walishikilia kwamba vifaranga wapelekwe juu ya bwawa hilo, wakaachiwe kwenye maji wanakopaswa kurudi kutaga. Katika miaka ya 2010 walikuwa wakirudi kwa makumi ya maelfu, wengi wao wakitokana na kazi hiyo ya vituoni.

Yupo pia lamprey, samaki wa kale asiye na taya, mwembamba mrefu kama mkunga, ambaye wenyeji humla tangu zamani. Mashirika ya serikali kwa muda mrefu hayakumjali, na ngazi za samaki, yaani vidimbwi vya kupandia bwawa hatua kwa hatua, zilijengwa bila kumfikiria. Kona kali za ngazi hizo humfanya ateleze na kuanguka. Watu wa Umatilla, Yakama na Nez Perce huwakamata kwenye mabwawa ya chini, huwapakia kwenye matangi na kuwapandisha juu ili wakatage. Hakuna faida ya biashara humo. Wanafanya kwa sababu wanaamini samaki yule naye ana haki yake mtoni, na mwanadamu ana wajibu kwake.

Kisha kuna Klamath, kwenye mpaka wa Oregon na California, na hapa naomba msome polepole. Septemba 2002 samaki wasiopungua 34,000 walikufa karibu na mdomo wa mto ule. Maji yalikuwa haba na ya uvuguvugu, na ugonjwa wa matamvua ukawamaliza kabla hawajapanda kutaga. Vijana wa makabila ya Yurok, Karuk na Hoopa walioiona mizoga ile ndio waliokuja kuwa wanasheria, wanabiolojia na viongozi wa kampeni. Mwaka 2004 ujumbe wao ulivuka bahari hadi Scotland, kwenye mkutano wa wanahisa wa kampuni iliyomiliki mabwawa wakati huo. Umiliki ulipohamia Marekani, wakaenda Omaha kwenye mkutano wa wamiliki wapya. Hesabu zilipopigwa ikaonekana kwamba kubomoa ni nafuu kuliko kujenga njia za samaki zilizotakiwa na sheria. Novemba 2022 tume ya shirikisho ya nishati ikaridhia. Bwawa la kwanza kati ya manne liliondolewa 2023, na mengine matatu yakamalizika kufikia Oktoba 2024. Gharama ilikuwa kama dola milioni 450, zikiwamo milioni 200 kutoka kwa wateja wa umeme.

Siku chache tu baada ya mkondo kuachiwa, samoni walikwisha kuvuka mahali mabwawa yalipokuwa. Tarehe 16 Oktoba 2024 walionekana kwenye kijito cha Oregon, juu ya lilipokuwa bwawa la mwisho, kwa mara ya kwanza tangu 1912. Mwaka uliofuata walifika hadi ziwa la Upper Klamath. Hakuna aliyewabeba. Walikuwa na hamu yao wenyewe, na njia ilikuwa wazi. Wakati huo huo vikosi vya Yurok vilikuwa vimekusanya mbegu za mimea ya asili kutoka kingo za mto, zikazalishwa hadi kufikia mabilioni, zikapandwa kwenye matope yaliyokuwa chini ya maji kwa miongo mingi, mengine kwa miaka 100. Na Juni na Julai 2025 vijana wa makabila ya bonde zima walipiga kasia kutoka kwenye chanzo hadi baharini.

Jambo lilelile lilikwisha kuonekana Elwha, jimbo la Washington, ambako mabwawa mawili yaliondolewa kati ya 2011 na 2014 baada ya watu wa Lower Elwha Klallam kudai kwa vizazi. Oktoba 2023 waliwavua tena coho katika mto wao.

Sasa Snake. Mabwawa yanayobishaniwa ni Ice Harbor, Lower Monumental, Little Goose na Lower Granite, yaliyokamilika kati ya 1962 na 1975. Yameugeuza mto kuwa kilomita 225 za maji yaliyosimama. Kifaranga aliyekuwa akisukumwa na mkondo hadi baharini sasa hulazimika kuogelea, akichelewa kwenye maji ya moto yaliyojaa samaki walao wenzao, kisha apite kwenye mitambo au juu ya ukuta, mara nane. Wanaozaliwa Mto John Day hupita mabwawa matatu tu. Hukutana na bahari ileile na mabadiliko yaleyale ya tabianchi, na bado hurudi kwa uwiano mkubwa kuliko wenzao wa Snake. Mwaka 2015 maji yalipopata joto kupita kiasi, zaidi ya sockeye 250,000 walikufa ndani ya Columbia na matawi yake. Septemba 2022 wanasayansi wa serikali hii hii, wa idara ya uvuvi wa baharini, waliandika kwamba kuufungua mto wa Snake ya chini ni jambo la lazima kama kweli mnataka samaki wale warudi kwa wingi na wenye afya. Mmeshalipa mabilioni ya dola kwa ngazi, matishari ya vifaranga na vituo. Kasoro ya fedha zile ni kwamba zilitumika kuzunguka tatizo.

Najua mtakayojibu, na mengine yana uzito. Mabwawa manne yana uwezo wa megawati zaidi ya 3,000. Lakini hicho ni kilele; wastani wa mwaka mzima ni kama megawati 1,000 au pungufu. Si umeme mdogo, nami sitaki mama wa watoto watano katika mtaa wangu apandishiwe bili ili dhamiri yangu itulie. Ndiyo maana makubaliano ya 2023 yalitaka umeme mbadala uandaliwe, na mataifa ya wenyeji yalikuwa tayari na mpango wao wa nishati wa bonde zima. Mkulima wa Lewiston, Idaho, anayesafirisha ngano kwa tishari anastahili reli na barabara kabla bandari yake haijafungwa. Anayemwagilia kutoka bwawa la Ice Harbor anastahili pampu zilizorefushwa. Vyama vya wakulima na vya usafirishaji vililalamika kwamba viliachwa nje ya mazungumzo yale, na kama ni hivyo, waongezewe viti. Dawa ya meza yenye viti vichache haiwezi kuwa kuivunja meza.

Ninachokataa ni kusema kwamba gharama iliyopo leo ni sifuri. Ipo, na inalipwa kila mwaka na watu walewale waliozamishiwa Celilo.

Kwa hiyo nawaomba haya. Wabunge na maseneta, yaandikeni makubaliano ya 2023 kuwa sheria, ili yasifutwe na saini moja, na idhinisheni kuondolewa kwa tuta za udongo za mabwawa manne kwa ratiba inayotanguliza mbadala wa umeme, usafiri na maji. Wahandisi na Bonneville, majira ya kuchipua na ya kiangazi mwagieni maji ya kutosha juu ya kuta kama wanabiolojia wa makabila na wa majimbo wanavyoelekeza, na shirikianeni nao katika kupanga kabla uamuzi haujafanywa. Magavana wa Oregon na Washington, msitoke. Saini zenu za 2023 bado zipo, na majimbo yenu yanaweza kuendelea na sehemu yenu ya kazi hata serikali kuu ikigoma. Gavana wa Idaho, samaki hawa huzaliwa kwako, na kutoka jimboni kwako Mbunge Mike Simpson, wa chama chako, aliweka mezani mwaka 2021 mpango wa dola bilioni 33.5 wa kuondoa mabwawa na kuwafidia wote. Keti naye. Na idara za samaki za makabila zipewe fedha za miaka mingi kwa mkupuo, badala ya kuanza kuomba upya kila mwaka. Samoni mmoja huchukua miaka minne au mitano kutoka yai hadi kurudi, na bajeti yake inapaswa kuishi walau muda huo.

Maswali yangu kwenu ni mawili. Kila mmoja wenu anaitambua haki ya mkataba wa 1855 kuwa inahitaji samaki kuwapo mtoni, au anaiona ni haki ya kurusha wavu mtupu? Na ni tarehe gani mtaketi tena na Nez Perce, Yakama, Umatilla na Warm Springs, wao wakiwa na kauli katika uamuzi?

Chinook wa majira ya kuchipua huanza kupita Bonneville kwa wingi mwezi Aprili. Naomba majibu yenu ya maandishi yatoke kabla ya hapo, na yapelekwe kwanza Lapwai, Toppenish, Mission na Warm Springs, makao ya mataifa hayo manne, ndipo nakala itufikie sisi.

Wenu,
Mkazi wa Vancouver, Washington, na mlipaji wa bili ya umeme wa mto huu